Prosesa ya Pili Ilikuwa Baridi

Mashine iliwaka mara ya kwanza bila kulalamika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikiwaza: haiwezekani.

Mfumo wetu haukuwa na historia ya kuwaka. Ulikuwa na tabia ya ng'ombe wa kukodi: unamvuta, unamsukuma, mwishowe analala chini na kukutazama. Leo umeamka wenyewe, umejinyoosha, umeshika kazi.

Mvivu akiamka mapema bila kuitwa, we huulizi?

Mimi niliuliza. Ndiyo maana niliitwa kikaoni.

Basi sikilizeni, maana stori hii imesimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo, na katika kila simulizi yao mimi ndiye mbaya.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Naitwa Selpha, nyar Usenge, yaani binti wa Usenge. Nilikuwa nimemaliza diploma ya kompyuta, nikaenda kufanya kazi kwa shemeji yangu Absalom, mume wa dada yangu Rosa. Alikuwa na karakana ndogo pale Mamboleo, imebanwa kati ya duka la mbao na jamaa wa kuchomelea vyuma. Yule wa vyuma akiwasha mashine yake, taa zetu zilififia kwa heshima.

Absalom alikuwa amesoma chuo kikuu Nairobi. Alirudi na wazo moja na ukaidi mwingi: kuandika mfumo wake mwenyewe wa uendeshaji.

Mfumo wa uendeshaji ni ile programu inayoamka kwanza ndani ya kompyuta na kuwapangia wengine wote kazi. Watu wenye akili timamu hununua. Shemeji akataka kuandika.

Na mteja tulikuwa naye. Jina lake Wakoli, meneja wa chumba baridi cha samaki karibu na ziwa. Mtu mkubwa, mpole, asiyependa maneno mengi.

Shida yake ilikuwa hivi. Kompyuta yake ya zamani ilisoma vipima-joto vya chumba baridi, na hiyo hiyo ilichapa lebo za kubandika kwenye masanduku ya samaki. Ikianza kuchapa, ilisahau kusoma. Siku moja mtambo wa baridi ulizimika wakati lebo zinachapwa. Kompyuta ikachapa lebo nzuri sana. Za samaki waliooza.

Miongoni mwa samaki hao walikuwemo mbuta wa mama yangu.

Mama yangu hununua samaki ufukweni Usenge na kuwapeleka kwa Wakoli. Siku hiyo nilimkuta amekaa nje ya kile chumba akitazama wanaume wakimwaga mali yake shimoni. Hakulia. Aliniuliza tu, "Si wewe ndiye umesomea hizi mashine?"

 Nikaenda Mamboleo kutafuta jibu.

Jibu lenyewe lilikuwa rahisi kulisema: prosesa mbili. Prosesa ndiyo ile sehemu ya kompyuta inayofikiri. Ukiwa nazo mbili kwenye bodi moja, ya kwanza inachapa, ya pili inaangalia baridi. Hakuna kusahau.

Basi ikabaki kuchagua bodi. Hapo ndipo mimi na shemeji tulipoanza kutazamana vibaya.

"Nataka bodi mpya," akasema. "Yenye kasi. Nina binamu ng'ambo, atanitumia."

"Shemeji, hatuhitaji kasi. Samaki hawakimbii, wameshakufa."

"Sasa wewe unataka nini, nyar Usenge?"

Nilimwambia. Nataka bodi yenye matundu ya waya nyuma, ili mfumo ukianguka uweze kutuma maneno yake ya mwisho kwenye kompyuta nyingine na tujue kilichouua. Nataka bodi yenye kitufe cha kuanza upya kinachofikika, maana tutakibonyeza mpaka kidole kiote sugu. Nataka prosesa mbili pacha, za toleo moja, zisiwe mtu na binamu yake. Na zaidi ya yote nataka bodi inayosema ukweli.

"Bodi inasema?"

"Inasema. Ukiiwasha inampa mfumo taarifa: nina prosesa hii na hii, ziko hapa na hapa. Nyingine zinaficha. Zinataja moja tu, ya pili inabaki imelala hapo kama mgeni ambaye hajatambulishwa. Na mfumo usipoambiwa, hauamshi."

Absalom akacheka. "Wewe unachagua bodi kama mtu anachagua mchungaji."

"Wengine huchagua kwa boksi lake," nikamjibu. Picha ya boksi la bodi aliyoitaka ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake.

Nilipata yangu Nairobi kwa fundi aliyekuwa anavunja kompyuta kubwa ya ofisi fulani. Bodi kuukuu, ina vumbi, rangi yake kama sukuma wiki iliyolala. Lakini ina matundu, ina kitufe, na nilipoiuliza ina prosesa ngapi, ikajibu: mbili.

Tukaweka mfumo wa shemeji. Tukawasha.

Ikaganda.

Tukabonyeza kitufe. Ikaganda. Tukabadilisha hiki na kile. Ikaganda pale pale, kabla ya kufanya kazi hata moja, skrini nyeusi na ule mstari mdogo unaopepesa kama mtu anayetaka kusema jambo na anaona aibu.

"Bodi mbovu hiyo," Absalom akasema.

"Bodi nzima. Mfumo ndio mbovu, na bodi inakuonyesha."

"Yawa! Mimi nimeandika huu mfumo na hizi mikono!"

"Ndiyo maana nasema."

Dada yangu Rosa, aliyekuwa ametuletea chakula, akaweka sufuria chini akaondoka bila kuaga.

Kisha boksi la binamu likafika. Bodi yenyewe ilimeta kama kiatu cha bwana harusi. Absalom aliifunga peke yake, mimi nikiwa Usenge kumwona mama. Niliporudi nikakuta Wakoli ameshaalikwa, viti vimepangwa, chai imechemka.

Shemeji akabonyeza. Mashine ikawaka.

Na hapo ndipo tulipoanzia.

Printa ikaanza kutema lebo. Safi, zimenyooka. Kwenye skrini ilionekana namba ya joto kutoka kwa kipima-joto kilichozikwa ndani ya ndoo ya barafu. Namba haikusogea. Kila mtu akafurahi: baridi imetulia.

"Sasa hii ni kitu," Wakoli akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Nikasogea. Ubavu wa mashine ulikuwa wazi. Kila prosesa ina kipande cha chuma chenye mapezi kinachoiondolea joto. Nikagusa cha kwanza: moto. Nikagusa cha pili.

Baridi. Baridi ya kitu ambacho hakijafanya kazi tangu kizaliwe.

Nikamtazama Absalom. Alikuwa anatazama dari.

"Shemeji, hii ya pili imeamka?"

"Selpha, kaa chini unywe chai."

Nilikuwa nayo chai. Nikachomoa kipima-joto kwenye barafu, nikakitumbukiza ndani ya kikombe changu. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Printa ilikuwa bado inachapa.

Namba kwenye skrini haikusogea.

Kwa mujibu wa mfumo wetu, chai yangu ilikuwa imeganda.

Wakoli akasimama. Akatazama kikombe, akatazama skrini, akatazama kikombe tena. Lebo zikaendelea kutoka, nzuri ajabu.

"Hii," akasema polepole, "ni ile ile yangu ya zamani."

Akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka. "Mkimaliza kweli, mniite. Na nitakuja na mkono wangu mwenyewe."

Alipotoka, Absalom hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua bodi inataja moja. Nilitaka tupate kazi kwanza, halafu nirekebishe."

"Na samaki wa mama?"

"Nilisema ningerekebisha, bwana!"

Rosa alisikia habari hizo kabla sijavuka barabara. Ujumbe ukaja kwa mdomo wake mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye ukuta: "Mzee anakuita nyumbani kwake, Pap Onditi. Umemwaibisha mtoto wake mbele ya wageni. Utakuja, utaomba msamaha, yaishe."

"Sawa, nitakuja," nikasema. Hayo mengine sikuahidi.

Boma la Mzee Ouma, baba yake Absalom, lina wake wawili. Mama Mkubwa ndiye aliyemzaa Absalom. Mke wa pili ni Mama Elsie, mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye mikono isiyokaa bure.

Mimi na Rosa tulimkuta Mzee sebuleni, Absalom kando yake amekunja mikono. Mama Elsie alikuwa anamenya njugu karibu na mlango. Mama Mkubwa hakuwepo. Alikuwa Nairobi kwa binti yake aliyejifungua.

Nje mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Shamba limelimwa, udongo mweusi umelainika, unangoja. Mashamba ya majirani yalikuwa yameshachipua. Hili la Mzee lilikuwa tupu kama kichwa kilichonyolewa.

"Nyathina, mwanangu," Mzee akaanza, "mimi sijui kompyuta. Najua mtu akila kwa meza yako hakuaibishi mbele ya wageni. Omba msamaha."

"Baba, naomba kwanza nieleze."

"Eleza kwa ufupi."

"Kwenye mashine kuna wafanyakazi wawili. Kwenye bodi niliyochagua mimi, wote wawili wanaamka, halafu mashine inasimama. Kwenye bodi ya shemeji mmoja halali, mwingine haamki. Basi nilisoma alichoandika shemeji, mstari kwa mstari, nikaona kwa nini ile yangu inasimama."

Absalom akakunjua mikono. Hilo hakuwa amelisikia.

"Kaandika hivi: wa pili asiguse kazi yoyote kabla wa kwanza hajaanza. Na wa kwanza asianze kabla hajasikia kwamba wa pili yuko tayari. Wa pili naye, hawezi kusema yuko tayari mpaka wa kwanza aanze. Akiwa mmoja tu, hana wa kumngoja; lakini wakiamka wote wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake. Hakuna aliyeharibika. Wote wana adabu."

Mzee akakuna kidevu. "Nani alifundisha mashine mambo kama hayo?"

"Shemeji."

"Na yeye alifundishwa wapi? Chuo kikuu?"

 Nilitazama tu dirishani, kule shambani.

Mzee akatazama nilikotazama. Absalom naye akageuka.

Kwa wasiojua: katika maboma yetu mengi, mke wa kwanza ndiye hutangulia kutia mbegu ardhini. Wa pili hufuata. Mke wa kwanza akiwa mbali, boma lote linangoja, hata mvua ikija na kupita. Absalom alikulia humo. Alipofika mahali pa kuandika nani aanze, mkono ukaandika unachokijua.

 Nilisikia njugu moja ikidondoka kwenye ungo.

"Nyar Usenge," Mama Elsie akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kikaoni. "Hiyo mashine. Wa pili akianza, wa kwanza anaharibika?"

"Hapana, Mama."

"Anakufa?"

"Hapana. Anaachiwa kazi yake, anapewa taarifa."

"Taarifa tu?"

"Taarifa tu."

Akainuka. Akajipangusa maganda ya njugu kwenye leso, akaweka ungo mezani mbele ya Mzee Ouma, akatoka.

Tulidhani ameenda jikoni.

Mzee alikuwa amerudi kwenye hotuba yake ya msamaha, amefika mahali pa heshima kwa wakubwa, Rosa aliposimama ghafla dirishani. "Baba," akasema. "Baba, tazama."

Mama Elsie alikuwa katikati ya shamba. Jembe mkono mmoja, kopo la mahindi mkono mwingine. Anachimba, anadondosha, anafukia. Hakuwa na haraka. Hakutazama nyumba hata kidogo.

Mzee Ouma akaketi. Kisha akaniambia maneno ambayo bado nayasikia. "Nilikuita kwa kosa moja. Sasa yako mawili."

 Absalom alikuwa bado dirishani, midomo inacheza bila sauti. Namjua shemeji: alikuwa anaandika. Kisha akanishika bega. "Aliye tayari aanze," akasema, "aache alama kwamba hii nimeichukua. Mwingine akija akute alama, achukue nyingine. Hakuna mkubwa."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma boksi."

Tulirudi Mamboleo na ile bodi yangu ya sukuma wiki. Aliandika upya. Ikaganda tena, tukabonyeza kitufe. Ikaanguka, ikatutumia maneno ya mwisho kupitia waya, tukasoma, tukarekebisha. Hapo ndipo alipoielewa ile bodi. Haikumficha lolote. Kila alipokosea ilimvua nguo hapo hapo, ndani ya karakana, bila wageni.

Wakoli aliitwa. Alikuja na mkono wake kweli. Akautumbukiza ubavuni mwa mashine, akagusa chuma cha kwanza, akagusa cha pili, akautoa haraka.

"Zote moto," akasema, akipuliza vidole. Kisha akaomba chai. Si ya kunywa.

Printa inachapa, kipima-joto ndani ya chai, na namba kwenye skrini ikapanda kama mtu anayekimbia polisi. King'ora kikalia. Yule jamaa wa kuchomelea vyuma akaja kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," Wakoli akamwambia. "Leo hakuna."

Mashine ikaenda kwenye chumba baridi. Mama yangu alikuja kuiona, akaizunguka, akaniuliza ipi ni ya pili. Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu, akaondoka kwenda kuuza samaki. Kwake hayo ni mapenzi makubwa.

Mngedhani imeishia hapo. Bado.

Kuna mtu wa Pap Onditi alienda Nairobi akamwambia Mama Mkubwa: kwenu wamepanda. Mama huyo akapanda basi la kwanza.

Tuliitwa tena, mimi na Rosa na Absalom, ukoo wote. Mzee alikuwa amevaa koti. Mama Elsie alisimama karibu na ghala, amenyooka, anangoja kitakachompata.

Mama Mkubwa akaingia na mkoba wake. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja shambani, sisi nyuma yake kama msafara wa mazishi.

Sehemu yake ilikuwa imechipua. Mistari imenyooka, magugu hakuna. Mahindi yake yalikuwa marefu kuliko yale ya sehemu ya Mama Elsie.

"Nani amepanda langu?"

"Mimi," Mama Elsie akasema. "Lako kwanza. Langu baadaye."

Mama Mkubwa akainama, akagusa jani. Alipoinuka alimgeukia Mzee Ouma, si mke mwenzake.

"Mimi nimekaa Nairobi nasikia habari za mvua kwenye redio, nangoja uniite."

"Mimi nilikuwa nakungoja urudi," Mzee akasema.

"Ningerudi vipi bila kuitwa? Watu waseme nimemtupa binti yangu na kichanga kwa ajili ya jembe?"

"Na mimi ningekuita vipi? Waseme namnyima binti yangu mama?"

Wakabaki wanatazamana. Wazee wawili, kila mmoja amemheshimu mwenzake mpaka msimu ulikuwa karibu upite.

Absalom, kando yangu, akakohoa kama mtu aliyepaliwa. Nilimwona na machozi. Alikuwa anacheka.

Mama Mkubwa akamshika Mama Elsie mkono, wakaenda jikoni pamoja, wakafunga mlango. Walichoongea sijui. Chakula kilipotoka kilikuwa kingi.

Funzo? Lipo. Ukitafuta bodi ya kujengea mfumo wako, usichukue ile inayokusifu mbele ya wageni. Chukua inayokuumbua ukiwa bado peke yako. Na kama kuna mtu unamngoja kwa heshima, mwambie unamngoja. Huenda naye ameketi mahali fulani, amevaa viatu tayari, anakungoja wewe.

Lakini mzee ni mzee, na kikao ni kikao. Samaki walipowekwa mezani, Mzee Ouma aliinua mkono kabla mtu hajagusa.

"Mambo yameisha vizuri," akasema. "Ila aibu ilikuwepo, na utaratibu ulivunjwa. Nyar Usenge, sema tu neno moja. Pole. Uliseme, tule."

Rosa alinikanyaga mguu chini ya meza. Mezani kila mtu alinitazama: shemeji, wale mama wawili, na samaki.

"Baba," nikasema, "nakuheshimu. Chai ilikuwa moto na skrini ilisema imeganda. Mvua ilikuwa imenyesha na shamba lilikuwa tupu. Niliyasema yote mawili, na kesho nikiyaona nitayasema tena. Msamaha siombi."

Nikavuta sahani, nikala.